Gari Lililopenda Mtaro wa Kulia

Félicien Ngendakumana wa mtaa wa Kilibula alikuwa na gari lenye sifa ambayo hakuna gari lingine mjini Uvira lililoipata: lilichukuliwa na wanajeshi, kisha likarudishwa.

Hiyo ilikuwa mwaka wa elfu mbili, vita vya pili vikiwa vimeshazoeleka kama malaria. Waliokuwa wameushika mji wakati huo walikuwa wameshajichukulia pikapu ya parokia, lori la tajiri wa mawese, na pikipiki zote zilizokuwa zikiwaka kwa pigo la kwanza. Komanda wao alikuja Kilibula mwenyewe, akaketi kwenye usukani wa gari la Félicien, akaondoka na vumbi na heshima zake zote. Sokoni hakufika. Gari lilimpeleka kwenye mtaro wa kulia, taratibu, kama mtu anayemrudisha mlevi kwake. Jioni askari walilirudisha kwa kulisukuma.

"Komanda anasema iko na shetani," walimwambia Félicien. "Anasema ubaki nayo."

Mtu mwingine angemshukuru Mungu. Félicien alikasirika wiki nzima. Kunyang'anywa ni msiba, lakini ni msiba wa heshima, watu huja kukupa pole. Kurudishiwa ni tusi, na hakuna anayekuja.

Alikuwa fundi wa garaji kwenye kiwanda cha sukari kule Kiliba, mpaka vita vilipokifunga kiwanda. Garajini palikuwa na kalenda iliyoganda kwenye mwezi wa tatu wa mwaka ambao hakuna aliyeukumbuka, kwa sababu picha ya mwezi ule ilikuwa ya gari jekundu la viti viwili, lisilo na paa, limeinama kama paka anayevizia panya, na hakuna fundi aliyekuwa na moyo wa kufunua Aprili. Wenzake waliitazama picha wakaenda kula. Félicien aliitazama miaka, kisha akaanza kulijenga.

Injini na miguu ya mbele vilitoka kwenye Peugeot iliyofia njia ya Bukavu. Bodi aliifua kwa mapipa ya mawese, na jua likiwaka sana gari lilinukia kama jiko la harusi. Rangi ilikuwa bluu ya mitumbwi, maana nyekundu haikupatikana. Watu wa mtaa waliliita Mukeke, kwa jina la samaki yule mwembamba wa ziwa letu. Naye akitolewa majini hajui aelekee wapi.

Vita vya kwanza, vile vya tisini na sita, vilimkuta amekaribia kumaliza. Wakati huo wenye magari wa Uvira walikuwa wameshajifunza hekima moja: gari zima ni la mwanajeshi, gari lililogawanywa ni la mwenyewe. Kila mmoja aligawanya lake kwa ndugu kama nyama ya sikukuu. Kabureta ya Mukeke ilikwenda Rugenge kwa shemeji, ikalala ndani ya mtungi wa unga wa muhogo. Magurudumu yalikwenda milimani. Mikono ya usukani, vile vyuma viwili vizito vinavyoyashika magurudumu ya mbele na kuyageuza, Félicien aliitenganisha isije ikapatikana pamoja: wa kushoto aliuzika nyuma ya choo, wa kulia akaupeleka Sange kwa mama mkwe wake, Mama Élisabeth, mwanamke ambaye askari wa pande zote walimsalimia kwanza kabla ya kumpekua.

Vita vilipopumua, Félicien alikwenda kukusanya. Mama Élisabeth alimkabidhi mkono wa chuma umefungwa ndani ya kitenge safi, kwa mikono miwili. Félicien aliupokea kwa mikono miwili, macho chini, kama inavyompasa mkwe. Ulikuwa mweusi tii. Alidhani bibi yule ameupaka mafuta na masizi usishike kutu, akazidi kumheshimu. Kukigeuzageuza mbele za watu kitu ulichotunziwa na mama mkwe, kama mtu anayenunua mbuzi, hakufanywi. Kukikagua nyumbani kwa siri ni kumkagua mama mwenyewe nyuma ya mgongo wake. Aliufunga kwenye gari kama ulivyokuja.

Tangu siku hiyo Mukeke likaanza kupenda mtaro.

Na tangu siku hiyo ndoa nayo ikaanza kuyumba. Victoire, mke wake, alivumilia mapipa uani, akavumilia usiku wa nyundo, akavumilia hata kitanda kilichotolewa springi zake kwa ajili ya viti. Lakini Félicien alipobandua bati za paa la jiko ili atengeneze sakafu ya gari, mvua ikanyesha ndani ya ugali mbele ya wageni. Victoire aliipua sufuria, akaifunika, akazungumza akiwa amesimama uani, majirani wote wakisikia.

"Gari yako iko na paa?"

"Victoire, magari ya namna hii hayana..."

"Jiko yangu iko na paa?"

Félicien alitazama juu, mahali bati zilipokuwa.

"Basi, kaeni nyinyi wawili. Minye naenda kwa mama. Siku iyo gari yako itafika Sange, na magurudumu yake, bila kusukumwa, bila kupakiwa kwenye camion, siku iyo nitapanda ndani turudi. Majirani, mumesikia?"

Majirani walikuwa wamesikia tangu mwanzo. Térence, fundi cherehani, alikuwa ameacha hata kukanyaga mashine yake ili asikose neno.

Ndivyo kwenda sawa kwa gari kulivyogeuka kuwa jambo la mke. Mafundi wa huku huuita usawa huo paralelisme: magurudumu mawili ya mbele yasimame karibu sambamba, ncha zake za mbele zikikaribiana kuliko za nyuma kwa unene wa njiti ya kiberiti tu, kama mume na mke waliokosana lakini bado wanakwenda misa moja. Félicien alifunga uzi wa kuvulia kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, kila upande, akaukaza, akalala kifudifudi kwenye ua uliofagiwa, akafunga jicho moja. Uzi ulisema sawa. Alirefusha fimbo ya usukani, ile inayofungwa kwenye ncha za mikono, akaifupisha, akairudisha. Uzi ulisema sawa. Alitoka barabarani. Kwenye shimo la kwanza gurudumu la kulia likapanda, usukani ukamponyoka kama mtoto aliyeona shangazi, na Mukeke likaenda kulia.

Upande wa kulia wa njia ndipo ilipokuwa meza ya Térence.

"Félicien, weye unapima nini kila siku?" aliuliza Térence, akiokota vitambaa vyake. "Minye naona iko sawa."

"Hapa uani iko sawa. Ni barabarani ndiyo haiko sawa."

"Basi iache uani."

Félicien alikata vipande vya kopo la sadini, akaviweka nyuma ya kitovu cha gurudumu ili lisimame wima zaidi. Mtaro. Akabadilisha matairi, la kulia likaenda kushoto, akitumaini kwamba ubaya utahama pamoja nalo. Ubaya haukuhama. Akachomelea upya chasi mahali ambapo hapakuwa na kosa, na sasa pakawa na kosa. Pasta mmoja wa mtaa, aliyekuwa amepata habari za uchunguzi wa komanda, alijitolea kuja kumtoa shetani. Félicien alimjibu kwamba shetani angekuwa anavuta pande zote mbili, hana sababu ya kupendelea kulia. Pasta aliondoka akilifikiria neno hilo.

Alitilia shaka kila kitu. Alitilia shaka uzi, akanunua mwingine. Alitilia shaka jicho lake, akapima kwa jicho la pili. Alfajiri moja alikaa ameegemea gurudumu akamtilia shaka hata Mfaransa aliyebuni Peugeot. Kipande kimoja tu hakikupita akilini mwake, kwa kuwa kilikuja ndani ya kitenge safi.

"Minye nakuonea huruma," alisema Térence. "Sange iko kaskazini, sivyo? Na ukienda kaskazini, kuume yako ni ziwa. Weye hutafika Sange, ndugu yangu. Utafika Bujumbura, na utafika umelowa. Beba ndoano."

Angeendelea kupima hadi leo, ila Marie-Jeanne, mwuza mchele, alishuka kutoka Sange na ujumbe. Aliutoa akiwa bado na gunia kichwani, kama mtu anayetaka kupunguza mizigo.

"Bibi yako Victoire anakusalimia. Anasema masika inakaribia. Anasema tena, kaka yake Emery atapita Jumapili kumuvusha Burundi, akae kwake, maana huku hakuna amani wala bwana."

"Amesema hivyo? Wala bwana?"

"Iyo ya mwisho nimeongeza minye. Lakini uso wake uliisema."

Ilikuwa Ijumaa. Kesho yake asubuhi Félicien aliondoka na Mukeke kama lilivyokuwa, na shetani wake ndani.

Kwenye barieri ya kutokea mjini askari aitwaye Bonaventure aliliona likija likipepesuka, akanyanyua kiti chake na redio yake akavuka upande wa kushoto.

"Pisheni, pisheni! Mugonjwa anakuja! Mzee, unaenda wapi na iyo sahani isiyo na kifuniko?"

"Sange. Kumuchukua bibi."

"Na bibi alikosa nini?"

Walimfungulia bila hata kumuuliza karatasi. Huruma ya askari ni kitu adimu, na Félicien aliimeza kama kwinini.

Alikwenda kwa mwendo wa baiskeli yenye muhogo. Kila shimo lilimvuta kulia, naye akavuta kushoto. Na kwa kuwa njia yenyewe ilikuwa ni mashimo yaliyounganishwa na lami kidogo, alifika uwanda wa Ruzizi mabega yakimwaka kama aliyevuta nyavu usiku kucha. Mara mbili alioga matope ya mashamba ya mpunga. Wakulima waliinuka kutazama, wakainama tena. Katika miaka ile walikuwa wameona mengi yakipita kwenye njia ile.

Lakini alifika. Kwa magurudumu yake, bila kusukumwa, gari liliingia uani kwa Mama Élisabeth na kusimama dhidi ya kibanda cha kuku, kilichokuwa upande wa kulia.

Victoire alitoka, akashika kiuno, akaitazama bluu yote ile iliyojaa matope. Hakucheka. Ukiangalia vizuri, alikuwa anazuia kicheko. Nyuma yake alitoka mama yake, na Félicien akageuza uso pembeni haraka, akasalimia akiutazama ukuta. Kwao mkwe na mama mkwe hawakabiliani uso kwa uso, wala hawasemezani moja kwa moja. Maneno hupitia kwa mtu wa tatu, hata kama wote watatu wamesimama mahali pamoja na hakuna kiziwi.

"Victoire," alisema Mama Élisabeth, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "umwambie bwana yako aksanti kwa kufika. Amahoro, amani iwe naye. Na umuulize, kile kichuma alishamaliza kazi nacho?"

"Muulize mama," Félicien aliuambia ukuta, "kichuma gani?"

"Kile alichoniachia wakati wa vita. Uniulizie kama atanirudishia. Sijapata figa nzuri kama ile."

Félicien aligeuka nusu, akakumbuka adabu, akaurudia ukuta.

"Umwambie," aliendelea mama, akichangamka, "askari walikuja mara ngapi? Wakageuza vitanda, wakachimba chini ya mitungi, wakanusa mpaka ndani ya chungu. Hakuna hata mumoja alitazama chini ya chungu! Mawe mawili, na kichuma cha mukwe kama la tatu. Miaka miwili kimebeba sufuria kubwa ya maharagi, ya wakimbizi wote waliopita hapa. Lakini nacho kilichoka, mwishoni kilikuwa kinainama, sufuria inaniinamia upande mumoja. Nikasema si kitu, mukwe ni fundi, ataona mwenyewe."

Ataona mwenyewe. Félicien alisimama palepale. Aliona sasa, waziwazi, kama mtu aliyefunuliwa Aprili baada ya miaka. Chuma kilichokaa juu ya moto kimebeba maharagi ya wakimbizi wa vita vizima hulegea na kuinama, polepole, bila kumwambia mtu. Mkono wa kulia ulikuwa chini kuliko wa kushoto. Uani, gari likiwa limesimama, uzi hauwezi kuliona hilo. Lakini gurudumu likipanda juu ya shimo, fimbo iliyofungwa mahali pasipo pake hulivuta yenyewe, na linageuka bila kuuliza dereva. Ilikuwa makopo ya sadini, matairi, chasi, miezi, mke, na meza ya Térence mara tano. Yote hayo yalikuwa maharagi.

Maneno yalimjia kwa Kiswahili, kwa Kirundi na kwa Kifaransa cha garaji, yakapanga foleni kooni. Hata moja halikuwa la kumpitishia mama mkwe, kwa mtu wa tatu wala wa kumi.

"Mwambie mama," alisema hatimaye, "aksanti kwa kukitunza."

Hapo Victoire alishindwa. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye kizingiti.

"Sasa weye, muntu mzima, si ungeuliza?"

"Ningeuliza nani? Mama yako? 'Mama, onyesha ulichofanya na chuma changu?'"

"Ungeniuliza minye."

"Ulikuwa umeondoka."

"Ungefika ukaniuliza."

"Nifike na nini?"

Victoire aliacha kucheka. Aliingia ndani akatoka na maji ya kunywa, akampa, na hilo kwa siku ile lilitosha.

Félicien aliinua gari juu ya mawe, akaufungua mkono wa kulia, akafungua na wa kushoto wapate kulinganishwa. Alipoilaza miwili ubaoni, mmoja uliinama upana wa kidole. Ilibidi kuutia moto, kuunyoosha, na kuuacha upoe. Moto mzuri uliokuwa karibu ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa jikoni kwa Mama Élisabeth, mahali ambapo mkwe haingii hata nyumba ikiungua. Basi mikono yote miwili iliingia na Victoire, na nyundo ikafuata, na Félicien akakaa nje, mgongo kwenye ukuta wa matete, kama mgonjwa anayesubiri jina lake liitwe.

"Imekuwa nyekundu?" aliita.

"Nyekundu namna gani?"

"Kama nyanya."

"Nyanya ya kuiva ao ile ya kuanza?"

"Ya kuiva, Victoire!"

"Usinipigie kelele, mama iko hapa."

Kisha sauti ya mama kutoka ndani: "Umwambie bado. Moto wangu naujua."

Félicien alitafuna jani la nyasi. Hakuwa amewahi, maisha yake yote, kumwacha mtu mwingine ashike nyundo kwenye gari lile.

"Sasa," alisema mama.

"Ibane katikati ya mawe mawili," aliita Félicien. "Ule upande wa tundu utokeze. Piga kutoka chini kwenda juu. Polepole! Usiipige kama..."

"Kama nini?"

"Kama unanipiga minye."

Nyundo ililia. Ilinyamaza, ikalia tena. Victoire alikuwa anaulaza ule mkono kando ya mwenzake, anatazama, anarudisha motoni. Félicien alisikia nyundo inatua mahali inapopaswa kutua, akaona uchungu kidogo kwamba hakuwa na la kusahihisha.

"Ziko mapacha," alisema Victoire mwishoni.

Wakaufukia kwenye majivu upoe bila haraka, na katika kungoja wakala maharagi, yaliyopikwa kwenye sufuria iliyoegemezwa na tofali.

Walirudi jua likiwa bado juu. Félicien alikuwa ameshapima kwa uzi, na uzi, kama kawaida yake, ukasema sawa. Victoire alipanda na kifurushi cha nguo na mchele magotini, kitenge kimefungwa kichwani kwa upepo. Kwenye shimo la kwanza Félicien alikaza mabega. Gari lilipanda, likashuka, likaendelea mbele. La pili vilevile. Kabla ya Kiliba aliachia usukani kabisa, mikono hewani, na Mukeke likafuata barabara lenyewe.

Alikuwa amejiandalia furaha kwa siku hii. Haikuja. Ilikuja hasira ya miezi yote, haina pa kwenda, imekaa kati yao kama abiria wa tatu katika gari la watu wawili.

"Iko inaenda vizuri," alisema Victoire.

"Ilipaswa kwenda hivi tangu mwanzo."

"Minye nimesema iko inaenda vizuri. Mtu akikuambia hivyo, unajibu aksanti."

"Aksanti."

Ndipo akaiona barieri kwa mbali. Bonaventure alikuwa kwenye kiti chake, upande wa kulia. Kando yake, kwenye kiti kikubwa zaidi, miguu juu ya kreti ya bia, alikuwa komanda.

Victoire alishika mkono wa mumewe. "Félicien. Yumbisha."

"Nini?"

"Yumbisha gari. Wametuona."

"Victoire, nimelala chini ya hii gari mwaka muzima. Mama yako..."

"Mama yangu muache. Unataka gari iende sawa, ao unataka gari?"

Félicien alitazama barabara, iliyonyooka mbele yake kwa mara ya kwanza. Kisha akauvuta usukani kulia. Ilikuwa kazi ngumu kuliko alivyodhani, gari halikutaka. Alilazimika kulisukumizia mtaroni kwa nguvu zote za mabega mawili, Bonaventure akaruka na redio yake, na Mukeke likatulia na pua chini, hatua chache kutoka kwenye kreti ya bia.

Komanda alicheka mpaka akafuta macho. Akamtazama Victoire kwa masikitiko ya kweli.

"Mama, na weye unapanda humu?"

"Nifanye nini, mukubwa? Ni bwana."

Askari waliwasukuma kutoka mtaroni, wakawafungulia.

Kule Kilibula, Térence alisikia injini ikija. Alinyanyua meza yake, na mashine, na suruali ya mtu iliyokuwa bado juu yake, akakimbilia ukutani. Gari lilikuwa linakuja limenyooka kama mshumaa. Térence akabaki amekumbatia meza, mdomo wazi, na kila mtu alijua kwamba kinachoonwa na Térence hufika barieri kabla ya jioni.

"Kidogo tu," alisema Victoire, bila kugeuza kichwa.

Félicien akavuta usukani kulia. Alipita juu ya mahali ilipokuwa meza.

"Tena," alisema Victoire. "Na kesho, paa ya jiko."